Maswali na majibu: dawa za kumnyamazisha mtoto, tangu makoloni ya Malkia Victoria

Dawa za siri zilikuwa dawa gani?

Zilikuwa dawa zilizouzwa moja kwa moja kwa wananchi, kwa jina la mwenye kiwanda, bila kutaja kilichomo. Zilishamiri enzi ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, kwanza Uingereza na Marekani, kisha katika makoloni: Australia, New Zealand, Kanada, Afrika Kusini, India. Nyingi hazikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa sababu anayeomba hataza hulazimika kueleza mchanganyiko wake. Walichosajili ni jina na nembo tu. Ndani ya chupa kila mmoja alitia alichotaka.

Kwa nini makoloni yalikuwa soko zuri hivyo?

Daktari alikuwa mbali na ghali, ilhali gazeti na posta vilifika. Familia ya wafugaji wa kondoo bara ya New South Wales iliweza kukaa mwendo wa siku kadhaa kutoka kwa daktari wa karibu, lakini gazeti lenye tangazo la vidonge ililipata. Magazeti yenyewe yaliishi kwa fedha za matangazo hayo, kwa hiyo usitegemee mhariri angeuliza maswali. Thomas Holloway wa London, muuza vidonge na marhamu, alipofariki mwaka 1883 alikuwa anatumia pauni zipatazo 50,000 kwa mwaka kujitangaza duniani kote. Dawa ilikuwa rahisi, tangazo ndilo lililogharimu. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha uchunguzi wa vidonge vya Beecham: shubiri, tangawizi na sabuni. Viungo vya kasha la vidonge 56 vilikadiriwa kugharimu sehemu ya nane ya pensi moja. Kasha liliuzwa shilingi 1 na pensi 1 na nusu.

Vidonge vya shubiri humharisha mtu mzima, akapoteza fedha na siku yake ya kazi. Lakini msiba mkubwa haukuwa huo. Msiba mkubwa uliwapata watoto wachanga.

Watoto walipewa nini?

Kasumba, yaani afyuni, utomvu wa mpopi unaolevya. Na zebaki.

Chukua mfano wa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, sharubati iliyoanza kuuzwa Bangor, jimbo la Maine, Marekani, mwaka 1849, ikatangazwa mpaka kwenye magazeti ya Australia. Ilisemekana inatuliza meno yanayoota, inaondoa msokoto wa tumbo, inazuia kuharisha na inamlaza mtoto. Kila mililita 30 hivi zilikuwa na miligramu 65 za mofini, dawa kali itokanayo na kasumba. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kina miligramu 11. Maelekezo yalisema mtoto wa chini ya mwezi 1 apewe matone 6 hadi 10, wa miezi 3 nusu kijiko, wa miezi 6 na kuendelea kijiko kizima mara 3 au 4 kwa siku.

Leo mtu mzima mwenye maumivu makali, ambaye hajazoea mofini, huanzishiwa miligramu 5 hadi 10 za kunywa, na mhudumu anamwangalia. Mtoto wa miezi 6 alipewa dozi ya mtu mzima, nyumbani, kutwa mara nne, na chupa haikuwa na neno mofini popote.

Godfrey's Cordial ya Uingereza nayo ilikuwa kasumba kwenye asali ya miwa. Chlorodyne, iliyobuniwa na daktari wa jeshi la India, John Collis Browne, kwa ajili ya kipindupindu, ilichanganya kasumba, bangi na klorofomu.

Mbona akina mama waliziamini?

Kwa sababu zilifanya kile tangazo lilichoahidi. Mtoto alinyamaza. Kasumba hulegeza utumbo na kumlaza mgonjwa, kwa hiyo kwa saa chache nepi ilibaki kavu na nyumba ikatulia. Mama aliyekesha siku tatu angekosaje kuamini?

Lakini tazama kinachoendelea ndani. Maji na chumvi vinaendelea kutoka kwenye damu kuingia utumboni, ila havionekani kwa sababu utumbo umelala. Mtoto aliyelewa hanyonyi. Kwa hiyo anapoteza maji ndani huku hakuna maji yanayoingia. Dozi ikizidi kidogo, ubongo unasahau kupumua. Na wale waliopewa kila siku kwa miezi walikosa hamu ya kunyonya, wakakonda, wakafa kwa njaa wakiwa wamelala.

Kwa hiyo mtoto anayeharisha akinyamaza, si dalili nzuri?

Hapana. Mtoto anayepata nafuu huchangamka, hunyonya, hukojoa, hutaka kucheza. Mtoto aliyelegea, asiyelia, asiyeshika titi, huyo anazidiwa. Kunyamaza si kupona.

Hata kama ameacha kuharisha?

Hata kama. Kama kilichomnyamazisha ni dawa, hujui kama ameacha kuharisha au utumbo wake umelazwa. Usisubiri asubuhi. Mpeleke kituoni.

Lakini wazee wanasema ni meno tu.

Hili ndilo linalochelewesha watoto kuliko jingine lolote, na si jipya. Katika karne ya 19 vifo vya watoto viliandikwa rasmi kuwa vimesababishwa na meno, na madaktari wenyewe walichana fizi za watoto kwa kisu ili jino lipite. Huduma ya namna hiyo ilimwacha mtoto na kuhara kwake kama kulivyokuwa, ikamwongezea kidonda.

Meno hayaharishi. Mtoto huota meno kuanzia miezi 6 hivi, na ni umri huohuo anapoanza kula, kutambaa na kuokota kila kitu chini akatia mdomoni. Vijidudu vinaingia pamoja na uji uliolala na maji yasiyochemshwa. Meno na kuharisha vinakutana kwa umri, basi. Jino humletea mtoto mate mengi, fizi kuwasha, kulialia na joto kupanda kidogo. Joto la 38 na zaidi si la meno, lipimwe malaria na chanzo kingine. Kuharisha si kwa meno. Kutapika si kwa meno. Degedege si ya meno.

Unga wa meno wenye zebaki ulifanya nini?

Hapa panastahili kusimama kidogo. Unga wa kupaka au kulambisha mtoto anayeota meno ulikuwa na kalomeli, yaani chumvi ya zebaki, na uliuzwa miongo mingi bila mtu kushtuka. Mwaka 1914 daktari Harry Swift wa Adelaide, Australia, alieleza ugonjwa wa watoto wachanga ambao chanzo chake hakikujulikana: mikono na miguu inakuwa ya waridi, imevimba, ngozi inabambuka, mtoto anatoka jasho, anachukia mwanga, hataki kula, analia mfululizo. Wapo waliong'oka meno. Wapo waliokufa. Watafiti walihangaika na virusi na lishe, hadi miaka ya 1940 Josef Warkany, Marekani, alipokuta zebaki kwenye mkojo wa watoto hao. Kalomeli ilipoondolewa kwenye unga wa meno katikati ya miaka ya 1950, ugonjwa ukatoweka karibu kabisa.

Fikiria mzazi wa miaka hiyo. Mtoto analia, anaambiwa meno, anampa unga. Mtoto anazidi kulia, anamwongezea unga. Dawa ndiyo ilikuwa ugonjwa.

Hayo ni ya Ulaya na Australia. Huku kwetu?

Kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, kuna "meno ya plastiki", wengine husema "meno ya nailoni". Mtoto anaharisha au ana homa, mtu anamfungua mdomo, anaona vijivimbe vyeupe kwenye fizi, anasema hivyo ndivyo vinavyomuua. Vinang'olewa kwa spoki ya baiskeli, msumari au kisu, bila ganzi. Vile vijivimbe ni meno ya kawaida ambayo hayajakomaa. Kinachofuata ni kutoka damu, pepopunda, sumu kwenye damu, na meno ya ukubwani kuota yameharibika. Na muda wote huo kuharisha kulikomleta mtoto hakujatibiwa. Hakuna meno ya plastiki. Bibi mzaa baba akisema yapo, msikilize kwa heshima, kisha beba mtoto uende kliniki.

Kuhusu dawa zenyewe za enzi ile, wasafiri walikuja nazo. David Livingstone alijitengenezea vidonge vya homa vya kwinini, kalomeli, jalapi na rubabu (mizizi ya kuharisha), na baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome iliuza vidonge vya namna hiyo kwa jina lake. Kilichosaidia homa ya malaria humo ni kwinini. Vingine vilimwendesha mgonjwa chooni, na kalomeli ikamwachia zebaki mwilini.

Lakini kulikuwa na shuhuda za watu waliopona, tena kwa majina yao.

Zilikuwepo, na ndizo zilizouza kuliko kitu kingine. George Fulford wa Brockville, Kanada, alinunua haki za vidonge viitwavyo Dr. Williams' Pink Pills mwaka 1890 kwa dola 53 na senti 1, akatajirika kwa matangazo yaliyoandikwa kama habari za gazeti: fulani wa kijiji fulani, kalala kitandani miaka, madaktari wamekata tamaa, rafiki kamwambia anunue kasha moja, leo anatembea. Vidonge vilikuwa na madini ya chuma. Msichana mwenye upungufu wa damu kwa kukosa chuma angeweza kupona kweli, akashuhudia kweli. Tangazo likauchukua ushuhuda wake likamuuzia mtu aliyepooza.

Shuhuda haikuambii wangapi walitumia wakafa. Maiti hawatoi ushuhuda. Kumbuka pia kwamba kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo chochote utakachompa siku ya tatu kitaonekana kimeponya.

Chupa ikiwa na muhuri wa serikali, si salama?

Uingereza ilianza kutoza ushuru wa dawa hizi mwaka 1783, na karatasi ya ushuru ilibandikwa kwenye kila chupa. Wanunuzi waliichukulia kuwa serikali imeipima dawa na kuikubali. Ilikuwa risiti ya kodi. Leo pia, leseni ya biashara si usajili wa dawa, na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye bidhaa ya lishe haisemi kwamba inatibu ugonjwa. Dawa Tanzania husajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Muuzaji wa kipaza sauti sokoni au wa WhatsApp anayesema bidhaa yake inatibu presha, kisukari na kuharisha kwa watoto kwa pamoja, muulize namba ya usajili wa dawa.

Sheria hazikuingilia kati?

Polepole mno. Sheria ya Uingereza ya 1868 ilidhibiti uuzaji wa kasumba lakini ikaziacha dawa hizi nje. Marekani ililazimisha kasumba na mofini vitajwe kwenye chupa mwaka 1906. Australia ilipata ripoti nzito ya Tume ya Kifalme ya Octavius Beale mwaka 1907. New Zealand na Kanada zilitunga sheria mwaka 1908.

Mtoto wangu anaharisha leo. Nimpe nini?

Maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki. Osha mikono. Soma pakiti: zipo za lita 1 na za nusu lita. Mimina pakiti yote kwenye kiasi hicho cha maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Usigawanye pakiti kwa kukisia. Usiongeze sukari wala soda. Maji machache hufanya chumvi izidi, na chumvi ikizidi inamdhuru. Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 na zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Zinki: chini ya miezi 6 miligramu 10 kwa siku, miezi 6 na kuendelea miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14. Usiache kwa sababu choo kimekuwa kigumu siku ya tatu. Endelea kunyonyesha na kumlisha.

Usimpe loperamidi, dawa ya kufunga kuharisha. Usimpe sharubati ya kikohozi ili alale: yenye kodeini haifai chini ya miaka 12, yenye promethazini haifai chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kuzuia kupumua.

Ni lini niende kituoni?

Mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, macho yakiingia ndani, damu ikionekana kwenye choo, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikirudi polepole. Mtoto wa chini ya miezi 2 usisubiri dalili yoyote. Endelea kumpa ORS njiani ikiwa anaweza kunywa.

Nimeshampa dawa ya kumtuliza, na sasa halii.

Nenda sasa hivi. Usimtapishe, usimpe maziwa kwa nguvu, usimwache alale "mpaka iishe". Tazama anavyopumua: pumzi zikiwa chache au zenye kukatika, na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, yawezekana ni dawa ya jamii ya kasumba, na hospitali wanayo naloksoni ya kuipinga. Beba chupa, hata ikiwa tupu, hata ikiwa haina karatasi. Mwambie nesi ulimpa kiasi gani na saa ngapi. Anachohitaji ni kujua, si kukugombeza, na ukificha, watapoteza muda wakitafuta malaria.