Huyu anayeimba ni nani? Kwanini sikio naliacha la mwisho

Kila wiki lazima nipate meseji ya aina moja. Mtu anatuma klipu ya sekunde 30, kairekodi kwa simu mbele ya spika, nyuma unasikia mpaka kikombe kinagonga sahani, halafu chini kaandika "mkuu huyu ni nani?" Na wengi wao wameshajijibu kabla sijafungua, "mimi nahisi ni fulani, hebu sikiliza anavyovuta pale mwisho". Sasa hapo kwenye "nahisi" ndo shida yote inapoanzia, na leo nataka niieleze vizuri ili nisiwe nairudia inbox kila siku.

Kwa wageni: mimi mtu wa Tanga, nipo Manchester miaka mingi, kazi yangu ni kuhamisha santuri na kanda za zamani za soul kwenda kwenye kompyuta, kwa wakusanyaji na kwa lebo ndogo zinazotoa upya. Zaidi ni zile singo za inchi 7 za Wamarekani weusi za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, zilizotoka nakala chache, hazikuuza, zikafa, halafu huku kaskazini mwa Uingereza vijana wa viwandani wakazifufua kwenye madansi ya kukesha. Ukumbi wa Wigan Casino ndo uliovuma kuliko zote, 1973 mpaka 1981, watu wanacheza mpaka saa mbili asubuhi. Ndo ikaitwa northern soul, kaskazini ni ya Uingereza sio ya Marekani, watu wengi wanachanganya hapo.

Kwetu kwenye dansi kazi hii ingekuwa nyepesi. Wimbo ukichemka watu wanatajwa humohumo, mpiga solo, mwimbaji, mpaka mfadhili aliyekaa meza ya mbele. Kwenye soul wachache sana walifanya hivyo, James Brown alikuwa anamwita Maceo apulize na dunia nzima ikajua huyo ni Maceo Parker. Lakini binti aliyeingia studio Detroit mchana mmoja mwaka 1967, kaimba nyimbo mbili, kalipwa nauli, karudi nyumbani, huyo nani amtaje?

Halafu msidhani majina yalipotea kwa bahati mbaya tu. Mengi yalifichwa, tena kwa makusudi. Mfano unaojulikana sana ni He's a Rebel ya mwaka 1962, lebo ya santuri, ile karatasi ya katikati, imeandikwa The Crystals. Prodyuza Phil Spector alikuwa Los Angeles, Crystals wapo New York, na kashapata habari kwamba kuna mwimbaji mwingine anautoa wimbo huohuo, sasa asubiri nini? Kawachukua Blossoms, kundi la waitikiaji wa studio waliokuwa palepale, Darlene Love ndo akaongoza, wimbo ukatoka kwa jina la Crystals na ukafika namba moja Marekani. Crystals wenyewe wakabaki wanaimba jukwaani wimbo ambao kwenye santuri hawamo hata mmoja. Au chukua Someday We'll Be Together ya 1969, singo ya mwisho ya Diana Ross na Supremes, ya kuagana kabisa, na Supremes wale wawili wengine hawapo! Waitikiaji ni Maxine na Julia Waters, na ile sauti ya kiume inayompa Diana moyo kwa nyuma ni Johnny Bristol, prodyuza wa wimbo wenyewe, ambaye alishauimba na mwenzake Jackey Beavers miaka nane kabla. Yaani kama Motown, kampuni kubwa yenye mafaili na wanasheria, lebo inasema hivi na sauti inasema vile, kampuni ya chumba kimoja nyuma ya saluni utaiamini kwa lipi.

Na kuna uficho wa madijei. Huu ulianza mapema, Jamaika miaka ya 50 Coxsone Dodd alikuwa anakwangua lebo za santuri za Marekani ili mpinzani asijue anapiga nini, Later for the Gator ya Willis Jackson akaibatiza Coxsone Hop, akatamba nayo miaka. Huku Uingereza wakaja kubandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kubuni jina la mwimbaji na jina la wimbo, vyote viwili. Dijei ambaye anayo peke yake ndo watu wanamfuata, sasa akupe jina ili iweje?

Kisa kinachonifundisha mimi kuliko vyote ni cha Frank Wilson. 1965 Motown wametengeneza Do I Love You (Indeed I Do), ikachapwa nakala za matangazo kwenye lebo yao ndogo ya Soul, halafu ikasitishwa, inasimuliwa kwamba bosi Berry Gordy alimuuliza unataka kuwa mwimbaji au prodyuza, akachagua uprodyuza, nakala zikaharibiwa. Zikabaki za kuhesabu kwa vidole. Miaka ya 70 nakala ikamfikia mfanyabiashara wa santuri, Simon Soussan, na wimbo ukachapwa tena kinyemela kwa jina la Eddie Foster. Sasa sikiliza hapa. Eddie Foster sio jina la kubuni! Alikuwepo mwimbaji wa kweli anaitwa hivyo, ana singo yake inayopendwa na watu walewale kwenye madansi yaleyale. Kwa hiyo watu walikuwa na sauti ya Eddie Foster nyumbani, wanaiweka leo, kesho wanacheza "Eddie Foster" huyu mwingine, na wengi hawakuona tatizo. Hawa sio viziwi, ni watu wanaojua kutofautisha wapiga ngoma. Ila ukishapewa jina, sikio linafanya kazi ya kulitafutia jina hilo ushahidi. Nakala moja halisi ya wimbo huo ikaja kuuzwa pauni 25,742 mwaka 2009, ya Frank Wilson hiyo, sio ya Eddie.

Ndo maana mimi sikio naliacha la mwisho.

Naanza na sahani yenyewe, hata kuicheza bado. Chukua tochi ya simu, ilaze karibu sana na santuri mwanga upite kwa ubavu, angalia pale katikati ambapo mifereji inaisha kabla ya lebo. Hapo kuna namba zimekwaruzwa kwa mkono au zimegongwa kwa chuma. Lebo inachapwa na mtu anayeambiwa aandike nini, lakini hizi namba ni za mafundi, fundi hana sababu ya kudanganya, yeye anataka tu kazi zake zisichanganyike. Ukikuta kijipembetatu kimefuatwa na tarakimu, hiyo imepitia kiwanda cha Monarch Los Angeles, na tarakimu zile zilikuwa zinapanda kila kazi mpya inapoingia, kwa hiyo ukiwa na santuri nyingine unazozijua tarehe unaweza kuibana yako katikati. Ukikuta muhuri wa Bell Sound ujue ilikatwa New York. Sasa mtu ananiambia huyu ni mwimbaji fulani wa Chicago, santuri iliyotoka 1964, na mimi naona namba za mwisho wa 1967, basi tumeshamaliza ubishi bila kusikia noti hata moja.

Kinachofuata ni jina la mtunzi, yale maandishi madogo chini ya jina la wimbo ambayo watu wanayaruka. Sababu ni ya kisheria. Marekani, rekodi yenyewe, yaani sauti iliyonaswa, haikuwa na hakimiliki ya serikali kuu mpaka 15 Februari 1972. Kabla ya hapo kilichosajiliwa ni utunzi. Kwa hiyo ukienda kwenye madaftari ya hakimiliki kutafuta mwimbaji wa 1966 unapoteza muda, wao wana mtunzi na mchapishaji wa muziki basi. Lakini mtunzi wa lebo ndogo mara nyingi ni mume wa mwimbaji, au meneja, au mpiga gita, au mwimbaji mwenyewe kwa jina lake la ndoa. Maana jina la mwimbaji lenyewe linahama. Mfano Tobi Legend, aliyeimba Time Will Pass You By, moja ya zile nyimbo tatu zilizokuwa zinafunga usiku pale Wigan, ukimtafuta kwa jina hilo unagonga ukuta, santuri ni hiyohiyo moja. Kumbe ni Tobi Lark wa Detroit, ana singo nyingine kabisa kwa jina lile, na alishawahi kutoka pia kama Bessie Watson. Mtu mmoja, majina matatu.

Halafu spidi. Hapa naomba mtulie maana hapa ndipo nilipojiaibisha.

Miaka kadhaa nyuma nililetewa asiteti. Hizi ni sahani laini za majaribio, aluminiamu iliyopakwa rangi kama ya kucha, zinakatwa moja moja studio ili watu wakasikilize nyumbani, na zinachakaa haraka, ukiicheza mara ishirini unaanza kusikia mchanga. Hii haikuwa na jina wala mtunzi, tarehe tu kwa penseli. Nikaweka hedifoni, dakika moja nikasema namjua huyu! Binti wa Detroit mwenye jina, sauti nyembamba inayotetema mwishoni mwa maneno, nikasikiliza usiku mzima na kila nikirudia nazidi kuwa na uhakika. Nikamwambia mwenye mali, naye akaitangaza kwa jina hilo na bei ikapanda kwa jina hilo. Karibu mwaka ukapita, akatokea mzee mmoja aliyepiga gita kwenye bendi za mji ule, kaisikia, kacheka. Akasema kwanza mmeicheza mbio.

Nikarudi kwenye faili. Umeme wa Marekani unavuma mara 60 kwa sekunde, na studio za bei rahisi mvumo huo unaingia kwenye kanda, upo chini kabisa, unauona kwenye mchoro wa kompyuta kama mstari ulionyooka. Mstari wangu ulikuwepo, tena mzuri tu, ila haukuwa kwenye 60, ulikuwa 62 na nusu. Mwanzo nisingeuona kirahisi maana umeme wa huku ni 50 na mimi nilikuwa nimezoea kufuta mvumo wa mashine yangu mwenyewe bila kuangalia pembeni. Nikaishusha rekodi kwa asilimia 4. Matarumbeta yakakaa kwenye ufunguo ambao wapuliza tarumbeta wanaupenda, ngoma ikawa nzito, na yule binti wangu akatoweka. Aliyebaki ni mwanamke mzima, sauti pana, na ile mitetemo ya haraka niliyoapa kwayo ilikuwa ni spidi tu. Ilibidi nimpigie mwenye mali simu. Alinyamaza muda mrefu halafu akauliza, "kwa hiyo sasa ni nani?" na mimi sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo sikio nalipeleka kama polisi wanavyofanya gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa hapangwi peke yake. Natengeneza klipu tano za urefu sawa, mstari mmoja mmoja tu, spidi zimesahihishwa, kelele zimelingana, moja ni ya huyo asiyejulikana, moja au mbili za mtu ninayemshuku, nyingine za wanaofanana naye. Nampa mtu ambaye sijamwambia kitu. Na nikisikiliza mwenyewe, noti za juu kabisa naziruka, maana pale kila mtu anajaribu kuwa Aretha Franklin. Nasikiliza pumzi, anaivuta wapi, kabla ya neno au katikati ya sentensi. Nasikiliza herufi s na t, na anavyolitamka neno dogo ambalo hajali. Mtu anaweza kuiga mbwembwe za mwenzake, ila mahali pa kuvutia pumzi ni ngumu kuigiza.

Na ukimpata shahidi hai, tafadhali sana usimtajie jina. Wazee hawa ni waungwana, ukimwambia "mama, huyu si fulani?" atakwambia ndio mwanangu ni yeye, mradi mmalize vizuri. Muulize studio ilikuwa na ngazi upande gani, nani alikuja na gari.

Wakati mwingine lakini ufundi wote huu unagonga mwamba na jibu linaingia mlangoni lenyewe. Penny & the Quarters mnawajua? Kanda za majaribio za studio ya Columbus, Ohio, zilizopatikana kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, lebo ya Numero ya Chicago ikaweka wimbo wao You and Me kwenye mkusanyiko wa 2007, na hakuna aliyejua hao ni kina nani, jina lenyewe mchezo wa sarafu, senti na robo dola. Wimbo ukaingia kwenye filamu ya Blue Valentine mwaka 2010, watu wakaanza kuulizana, na 2011 ndo ikajulikana kuwa Penny ni Nannie Sharpe, na Quarters ni kaka zake. Mtunzi, Jay Robinson, alikuwa ameshafariki. Hapo namba za mafundi hazikusaidia, sikio halikusaidia, jibu walikuwa nalo watu wa Ohio miaka yote hiyo, ila swali lilichelewa kuwafikia.

Ile asiteti yangu ya aibu bado ninayo hapa mezani, mwenyewe aliniachia, sijui kwa hasira au kwa huruma. Nimepata mpiga besi ambaye yule mzee wa gita anasema alikuwepo siku ile. Nampigia kesho saa mbili usiku ya huku, Detroit itakuwa saa tisa alasiri, mwanawe kasema muda huo ndo anakuwa macho vizuri. Klipu tano ziko tayari, yetu nimeiweka ya nne. Jina kichwani ninalo, na hapa siliandiki maana mwanawe anasoma Kiingereza tu lakini simu yake inatafsiri kila kitu.