Je, wajua kwa nini mtengenezaji wa ng'ambo anaweza kukwepa mahakama ya mahali ulipoumia?

Mwaka 2001, mfanyakazi wa karakana ya vyuma chakavu katika jimbo la New Jersey, Marekani, alikatwa vidole vinne vya mkono wa kulia na mashine ya kukatia chuma yenye uzito wa tani tatu. Mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni ya J. McIntyre ya Nottingham, Uingereza. Akafungua kesi ya madai hapohapo New Jersey, alikoumia na mashine iliko. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2011 majaji sita kati ya tisa wakaamua kwamba mahakama za New Jersey hazina mamlaka juu ya kampuni hiyo.

Hakuna jaji aliyesema mashine ilikuwa salama. Suala la ubovu wake halikufikiwa kabisa.

Wengi hudhani mahakama hupata mamlaka kwa sababu ajali imetokea katika eneo lake. Kwa sheria ya Marekani, hilo halitoshi. Tangu uamuzi wa kesi ya International Shoe mwaka 1945, mahakama ya jimbo ikitaka kumwita mdaiwa wa mbali hutazama kwanza mdaiwa huyo amejihusisha vipi na jimbo lenyewe, na kama kumburuta huko kutakuwa haki au uonevu. Msingi wake unaeleweka: hukumu ya madai inaweza kufilisi mtu, na si vizuri kumfilisi mtu katika mahakama ya mahali ambapo hajawahi kufanya shughuli yoyote.

Mambo huwa magumu bidhaa inapopita mikononi mwa wengi. Mwaka 1978, pikipiki ilipata ajali California baada ya tairi la nyuma kudaiwa kupasuka. Mwanamke aliyepakiwa akafariki. Tyubu ilitoka Taiwan, na vali ya tyubu hiyo ilitoka kampuni ya Asahi ya Japani. Familia ilimalizana na waliodaiwa nje ya mahakama, ikabaki kampuni ya Taiwan ikiidai ile ya Japani, tena California! Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliitoa Asahi kwenye kesi, na hapo majaji hawakupingana. Walichogawanyika ni hiki: je, mtengenezaji akijua kwamba bidhaa yake itafuata mkondo wa biashara hadi jimbo fulani, inatosha? Au lazima awe ameilenga soko la jimbo hilo kwa matangazo, mawakala au huduma kwa wateja? Hakuna upande uliopata wingi wa kura.

Mwanya huo ndio J. McIntyre ilipopita. Iliuza Marekani kupitia msambazaji mmoja wa jimbo la Ohio, na maofisa wake walihudhuria maonyesho ya biashara katika miji kama Las Vegas, ambako mwenye karakana aliiona mashine hiyo kwa mara ya kwanza. New Jersey kwenyewe hawakukanyaga, na mashine zao zilizofika huko hazikuzidi nne. Majaji wanne wakasema kampuni ililenga Marekani nzima, haikulenga New Jersey. Wawili wakaafiki matokeo kwa sababu finyu zaidi. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa na hoja nzito: anayetafuta wateja nchi nzima anatafuta pia wa New Jersey, na msambazaji hapaswi kugeuzwa ngao. Msambazaji mwenyewe alikuwa ameshafilisika, kwa hiyo hata kumdai yeye kusingesaidia.

Ndiyo maana mawakili wa kesi hizi huanza kupekua kadi za dhamana, ankara za vipuri, barua pepe za mauzo na orodha ya waliohudhuria maonyesho, kabla hata ya kumtafuta mtaalamu wa mashine. Kampuni yenye shughuli nyingi jimboni ina njia chache za kuponyoka. Mwaka 2021 Ford ilijitetea kwamba magari yaliyohusika katika ajali za Montana na Minnesota yaliuzwa mara ya kwanza katika majimbo mengine. Majaji wote wanane walioketi waliikatalia: unatangaza huku, unauza huku, unakarabati magari huku, basi jibu kesi huku.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine. Mdaiwa akiwa na makao katika nchi mwanachama, anaweza kushtakiwa katika nchi mwanachama nyingine ambako madhara yametokea. Kwa bidhaa za nje ya Umoja, tangu sheria ya mwaka 1985 mwingizaji huhesabiwa kama mtengenezaji, hivyo aliyeumia ana mtu wa karibu wa kumdai. Sheria mpya ya 2024, itakayohusu bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, inasonga mbele zaidi: pasipokuwa na mwingizaji, hata kampuni inayohifadhi, kufungasha na kutuma mizigo ya mtandaoni inaweza kubeba dhima.

Kupata mamlaka ni jambo moja, kupata pesa ni jingine. Taishan, kampuni ya China, ilidaiwa na wenye nyumba wa Marekani kwa sababu mbao zake za jasi (gypsum) za kujengea kuta zilitoa gesi ya salfa iliyokula nyaya za shaba. Mwanzoni haikutokea mahakamani, kisha ikaja kupinga mamlaka. Iliposhindwa kwenye rufaa mwaka 2014, iliwaachisha kazi mawakili wake na kuondoka. Jaji wa New Orleans akaitia hatiani kwa kudharau mahakama na kuizuia kufanya biashara Marekani hadi irudi. Ilirudi mwaka uliofuata, na mwaka 2019 ikakubali kulipa dola milioni 248.