Karo Lako Halijajaa, Bomba Ndilo Limeziba

Simu huja hivi: "Fundi, karo limejaa, maji yanatapika nje." Nauliza, mmelifungua mkaona? "Hatujalifungua, ila chemba ya nyuma ya jiko inamwaga uani." (Karo ni lile tanki la majitaka lililofukiwa; chemba ni vile vishimo vyenye mfuniko vinavyounganisha mabomba kutoka nyumbani hadi karoni.) Ukidadisi zaidi unaambiwa gari la kunyonya limekuja jana, limelipwa, limeondoka na mzigo wake kuelekea mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, Dar, na leo asubuhi chemba inatapika vilevile. Sasa wanataka niwatafutie gari lingine, "kubwa zaidi".

Wiki hii imetokea tena, kwa watu wenye akili zao timamu. Nimeamua kuandika ili siku nyingine nitume kiungo tu, maana kubishana na mtu aliyeziba pua kwa simu ni kazi.

Shikeni jambo moja, mengine yatafuata: karo linalofanya kazi huwa limejaa. Siku zote. Maji yanaingia upande mmoja kupitia tii, kipande cha bomba chenye umbo la T, uchafu mzito unazama, mafuta na povu vinaelea, na maji ya katikati yanatoka upande wa pili kupitia tii nyingine kwenda sokawei, lile shimo la mawe linalonywesha maji ardhini. Bomba la kutokea linawekwa chini ya lile la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7 hivi. Maana yake, tangu wiki zile za kwanza mlipohamia, maji yalipanda hadi usawa wa bomba la kutokea na yakabaki hapo. Kila lita inayoingia inasukuma lita nyingine nje. Ukifungua mfuniko ukakuta maji yako vidole vitatu chini ya bomba la kuingilia, funga. Hakuna tatizo hapo. Ukilikuta tupu, na gari halijalinyonya karibuni, ndipo uanze kuogopa, maana limepasuka na linavuja.

Na si jambo jipya. Mfaransa Jean-Louis Mouras, aliyechukua hataza ya tanki la namna hii mwaka 1881, inasimuliwa kwamba alikuwa amejenga moja kwake miaka mingi kabla, na alipolifungua baada ya miaka kama 12, badala ya kukuta limefurika uchafu akakuta sehemu kubwa ni maji. Lilikuwa limejaa muda wote huo na lilikuwa linafanya kazi muda wote huo.

Kinachojaza karo kweli ni tope la chini. Lipime. Chukua mti mrefu, uzungushie kitambaa cheupe sehemu ya chini, uzamishe taratibu mpaka sakafu, subiri kidogo, vuta. Tope litaacha alama nyeusi, maji yataacha alama hafifu. Tope likifika theluthi moja ya kina cha maji, anza kutafuta hela ya gari. Likifika nusu, umechelewa. Kwa familia ya kawaida yenye karo la ukubwa wa kutosha hilo huchukua miaka, si miezi. Ukinyonya kila baada ya miezi mitatu, shida yako si tope.

Wenye shimo moja tu lisilo na sokawei, haya hayawahusu. Lenu hujaa kweli na gari ndiyo dawa yake. Na walio kwenye mtandao wa majitaka, kama sehemu za Upanga na Kariakoo, hawana karo kabisa. Chemba yao ya mwisho ikijaa na njia inayotoka kwenda barabarani haipeleki, hiyo ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, msinunue fimbo za kuzibulia.

Haya, chemba inatapika. Ufanye nini? Anzia upande wa karo, rudi kuelekea nyumbani, ukifungua chemba moja moja. Unatafuta mahali ambapo chemba ya juu imejaa na inayofuata chini yake ni kavu, au ina kijimkondo tu. Kizibo kiko kati ya hizo mbili. Hakiwezi kuwa kwingine. Nimeona mafundi wakizungusha fimbo kutoka chooni ndani, wamevunja na vigae, kizibo kiko mita 20 nje karibu na ukuta. Fungua mifuniko kwanza!

Zikiwa zote zimejaa mpaka ya mwisho, fungua karo. Maji yako usawa wa kawaida? Basi njia ya kuingia karoni imeziba, mara nyingi ni utandu mgumu umekaba tii ya kuingilia. Upige kwa mti mpaka uvunjike. Maji yamepanda juu ya bomba la kutokea? Hapo tatizo ni sokawei au njia ya kwenda sokawei. Nitaifikia.

Kama choo kinashuka vizuri na kinachofurika ni maji ya jiko peke yake, ni gali, kile kishimo chenye chujio kinachopokea maji ya sinki. Vaa glovu, toa chujio, ingiza mkono, chota. Dakika kumi. Usimwite mtu.

Sasa nipeni nafasi nizungumzie chemba, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Sakafu ya chemba inatakiwa iwe na mfereji wa nusu duara, umelainishwa kwa saruji, unaounganisha bomba linaloingia na linalotoka, na pande zake zimeinuliwa kwa zege zikiinamia kwenye mfereji. Uchafu ukiingia unakuta njia, unateleza, unaondoka. Chemba nyingi ninazofungua Dar ni sanduku tu. Tofali nne pande zote, sakafu bapa, bomba linatoka sentimita kadhaa juu ya sakafu. Kwa hiyo kila chemba ni kijikaro kidogo. Uchafu unatua, unakauka pembeni, unakaribisha mende, na siku ukibebwa na maji mengi unaondoka kwa pamoja na kukaba bomba linalofuata. Wengine wanaacha ncha ya bomba imechomoza ndani ya chemba, tambara la deki linanasa hapo, na kila kinachopita kinajishika kwenye tambara. Niliwahi kuvuta moja lililokuwa limefungamana na wipesi za mtoto, nywele za kusuka na punje za wali, mzigo mzito kama nguo iliyotoka kwenye beseni bila kukamuliwa. Nyumba nzima ilikuwa imesimama kwa tambara moja, na karo lilikuwa limeshanyonywa mara mbili.

Nyumba mpya zina ugonjwa wao. Fundi wa vigae anaosha ndoo na mwiko kwenye gali, maji ya saruji yanashuka, yanatulia kwenye bomba na kuganda. Miezi michache baada ya kuhamia chemba inaanza kutapika na watu wanasema karo lilijengwa dogo. Kizibo cha saruji hakisikii fimbo wala dawa. Unachimba, unakata kipande, unaweka kingine.

Mteremko je? Vitabu vinasema bomba la inchi 4 lishuke moja kwa 40, yaani sentimita 2 na nusu kila mita. Vinaongeza kwamba likishuka kwa kasi kupita kiasi, maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma. Hili la pili nimelifundishwa, nimelifundisha, na ukweli ni kwamba siliamini sana tena. Nimeona mabomba yamelazwa kama ngazi, watu wa nyumba hiyo hawajui hata chemba zao ziko wapi kwa sababu hazijawahi kuwasumbua. Na nimeona yaliyopimwa vizuri yakiziba kila mwaka. Ninachokiona mara kwa mara ni bomba lililofanya tumbo. Mchanga wetu haukushindiliwa, bomba likalazwa juu yake, likafukiwa, baadaye likakaa chini katikati. Pima maji uliyoitumia siku ya kulaza haikusaidii kitu kama chini ni mchanga uliomwagwa jana.

Kuzibua kwenyewe. Fimbo za kuunga zinatosha kwa vizibo vingi. Zizungushe kulia tu, upande wa kukaza skrubu, wakati wa kusukuma na wakati wa kuvuta. Ukizungusha kushoto zinafunguka ndani ya bomba na sasa una vizibo viwili, kimoja ni chako. Mafundi wenzangu tunabishana uanzie chemba iliyojaa au iliyo kavu. Ukianzia iliyojaa, maji yanakusaidia kusukuma, lakini unapapasa mdomo wa bomba kwenye uji na uchafu unaenda karoni. Mimi huanzia ile kavu, kwa sababu naona ninachofanya na ninaweza kukinasa kinachotoka kwa reki au chujio la waya. Ila simama pembeni ya bomba, si mbele yake. Kizibo kikiachia, maji ya chemba nzima yanakuja kwa mpigo, na kicheko cha majirani ndicho kitakachokukumbusha kwamba hukusikia.

Kostiki soda. Kila duka la vifaa wanauza, na kila jirani ana ushuhuda. Inakula mafuta na nywele, kweli. Kwenye sinki, kidogo, kwa uangalifu, sawa. Lakini chemba ya nje imejaa lita mia mbili za maji. Unamwaga gramu mia tano, zinayeyuka humo juu na hazifiki kwenye kizibo. Haili tambara. Haili saruji. Haili mchanga. Kisha unaniita mimi niingize mikono humo bila kuniambia. Mwambieni fundi mlichomwaga, jamani, ngozi haioti tena kirahisi. Na asiwepo wa kuchanganya tindikali na jiki akidhani nguvu zinaongezeka. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na klorini ilishatumika kuua askari vitani.

Vipakiti vya bakteria, hamira, na wengine wanatupia hadi maini. Kinyesi chenyewe kimejaa bakteria, kwa hiyo sioni kwa nini karo lihitaji kuongezewa. Lakini nina wateja wanaoapa kwamba harufu imepungua, na siwezi kuwaambia pua zao zinadanganya. Kama hela unayo, tia. Bomba lililoziba halitazibuka kwa hilo.

Masika sasa. Chemba inatapika mvua ikinyesha tu, kiangazi hakuna kitu. Angalia bomba la maji ya paa limeelekezwa wapi. Nyumba nyingi limeingizwa kwenye chemba ya choo kwa sababu ilikuwa karibu. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linashusha lita 5,000, na hakuna sokawei ya uani itakayonywa hizo kwa saa mbili. Litoe humo, siku hiyohiyo. Kama paa halihusiki na unakaa Msasani au Mikocheni, ambako maji ya ardhini yako karibu, huenda sokawei yako iko ndani ya maji tayari. Hapo gari linanyonya leo, kesho maji ya ardhini yamerudi mahali pake. Mwenye tanki la plastiki lililofukiwa ajihadhari zaidi: likinyonywa mpaka chini wakati ardhi imelowa, linaweza kuelea na kuinuka na mabomba yake yote.

Kwa hiyo gari likija, kwa sababu ya kweli, usiende kukaa sebuleni. Maji yakishashuka chini ya bomba la kutokea, mwambie kijana wa mpira asimame kidogo, umulike tochi kwenye bomba hilo. Maji yakiwa yanarudi karoni kutoka upande wa sokawei, na yanaendelea kurudi, sokawei imeshakufa au imezama. Usilipie safari ya pili na ya tatu. Jenga sokawei nyingine, na ile ya zamani ipumzike. Kavu? Vizuri, umejua sokawei ni nzima.

Na hakuna anayeingia karoni. Hata limenyonywa, hata ndoo au simu imeanguka humo, hata fundi akisema amezoea. Gesi ya humo hunuka mayai yaliyooza, na ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani imeisha. Mmoja anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, na wote wawili wanatolewa wamekufa. Aliyeanguka, ita zimamoto, 114. Usimfuate.

La mwisho, kwa wenye pevingi. Mnapenda ua upendeze, naelewa, lakini mmefunika chemba zote kwa tofali nyekundu na sasa mnaniuliza mimi ziko wapi. Kabla hujanipigia, tafuta picha mlizopiga wakati wa ujenzi, au muulize shemeji aliyesimamia. Bei ya kuzibua nina moja. Bei ya kutafuta chemba tunaizungumza nikishaanza kung'oa.