Nambari 2,147,483,647: kwa nini ni tasa, na inahusiana vipi na mwaka 2038

Wanafunzi wanaohudhuria vipindi vyetu vya hisabati hapa Mombasa huiulizia sana nambari hii. Wamesikia kwamba kompyuta zitakwama mwaka 2038, na 2,147,483,647 ndiyo inayotajwa. Hofu hiyo nitaifikia, ila mimi hupenda kuanza na mwanahisabati Euler.

Andika 2 mara thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja (2 × 2 × 2 ...), kisha utoe 1: hapo umeipata. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini usidhani kila inayoundwa hivi ni tasa. Zidisha pamoja 2 kumi na moja kwa njia hiyohiyo, utoe 1, utapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Leonhard Euler alithibitisha utasa wake mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamezimika. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kugawanya hadi kufikia 46,340, kwenye kipeuo chake cha pili, na hata ukiziacha shufwa zote una kazi ya zaidi ya nambari 23,000. Euler alionyesha kwamba kigawanyo chochote cha nambari hii, chenyewe kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Zinasalia 373 tu! Tena nyingi kati yake si tasa, hivyo hazina haja ya kujaribiwa: 63, 249, 497 na 559 zinaondoka mara moja. Ya kwanza kujaribiwa ni 311. Shika kalamu: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Haikuingia. Inayofuata ni 1,303, na safari inaendelea hivyo hadi mwisho bila hata moja kuingia.

Sasa 2038. Kompyuta nyingi za zamani huhifadhi nambari nzima kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja ikionyesha kama ni chanya au hasi. Zile 31 zilizobaki zikijaa 1 tupu, unapata nambari yetu. Utasa hauhusiki kabisa hapo. Saa za mifumo hiyo huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na zitafika kikomo Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, kwa saa za hapa kwetu. Sekunde moja zaidi, hesabu inageuka hasi, na tarehe inarudi 13 Desemba 1901, mwezi ambao reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu.

Simu na kompyuta za sasa kwa kawaida hutumia biti 64, kwa hivyo sioni sababu ya kupoteza usingizi. Ninavyovitilia shaka ni vile vifaa vilivyofungwa vikasahauliwa: kamera ya ukutani, kifaa cha kuendesha geti au pampu ya maji. Kabla ya kununua kitu utakachokaa nacho miaka mingi, mwambie fundi asogeze tarehe yake hadi 20 Januari 2038, muone kama kitaendelea kufanya kazi.