Uchi, wari na usiku wa Ijumaa: kazi ya mkalimani Malindi

Watu wakisikia mimi ni mkalimani wa kortini hapa Malindi, swali la kwanza huwa lile lile: "Kwa hivyo wajua Kiitaliano?" Nakijua, na hakinipi taabu. Muitaliano akisimama mbele ya hakimu, kila mtu chumbani ajua hataelewa neno, basi wote hunyamaza na kunisubiri. Taabu yangu ni Kiswahili. Mgiriama wa Marafa, Mbajuni aliyeteremka na mashua ya samaki, Mkikuyu mwenye duka mtaa wa Barani na Mluo wa mtaa wa Kisumu Ndogo, wote wanakisema, wote wanaitikia "nimeelewa", na hapo ndipo mambo huharibika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee mmoja alikuwa akitoa ushahidi. Alianza kwa Kiswahili, katikati akateleza hadi Kigiriama bila kugusa breki, kama tunavyofanya sote. Akasema alimkuta jirani yake chini ya mnazi, "ana uchi". Mimi, mdomo ukitangulia akili, nikamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba jirani hakuwa na nguo. Ikaandikwa. Wakili akasimama kuuliza nguo zenyewe zilikuwa wapi. Mzee akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto wa nduguye aliyemwaibisha ugenini, akasema polepole: "Uchi, mwanangu. Wa mnazi."

Kwa Kigiriama uchi ni pombe ya mnazi. Baba yangu ni Mgiriama, neno hilo nimelisikia tangu nabebwa mgongoni. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa tai, na nadhani ilinikaba hadi masikioni.

Hata ukikimbilia Kiswahili cha pwani hujaokoka. Pombe hiyo sisi twaiita tembo, na mnyama mwenye mkonga ni ndovu. Vitabu vya shule na redio vinasema tembo ndiye mnyama. Sasa mkulima anayepakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambamo ndovu wamo kweli, akilalamika kwamba "tembo limewamaliza vijana wetu", askari aliyehamishiwa huku mwezi uliopita ampigie nani simu, chifu au watu wa wanyamapori? Mimi hutega sikio kwenye ngeli. Tembo *amewamaliza* ni mnyama, tembo *limewamaliza* ni kinywaji. Ndiyo maana katika methali mgema akisifiwa tembo *huli*tia maji. Silabi moja, na kesi nzima imebadilika njia.

Wari nao ni hivyo hivyo. Mgiriama akikwambia alikula wari wa matsere, amekula sima, ugali wa mahindi. Asiyejua husikia wali, akaandika mchele. Mara nyingi haidhuru. Itadhuru pale mtu anapodai malipo ya chakula alichowapikia vibarua siku arobaini, maana bei ya unga si bei ya mchele.

Mama yangu aliolewa huku kutoka Lamu, na mpaka leo hana macho, ana mato. Hapiti njia, hupita ndia, na kitu kikianguka chini yeye husema kiko tini. Nyumbani basi nilikulia kati ya lugha mbili zinazofanana kiasi cha kudanganyana, na ya tatu nikaipata shuleni, ile tuliyoambiwa ndiyo sanifu. Siku hizi vijana wa tuktuk wameongeza ya nne. Dereva mmoja anaweza kunisalimia "mzee, shikamoo", akamjibu abiria wake "chao, bela", akamtukana mwenziwe kwa Kigiriama na kumuuliza bei muuza miraa kwa Kimeru alichookota stendi, yote kabla hatujafika mtaa wa Shela, huu wa hapa Malindi.

Kiitaliano hakikuja na piza. Wataalamu wao walikuwa Ngomeni, kaskazini ya hapa, miaka ya sitini, kwa mradi wa San Marco. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Moja ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, imebeba setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Wakaiita Uhuru. Huwaambia wanafunzi wanaokuja kunitembelea kwamba neno letu lilizunguka dunia kutoka Ngomeni, na hawaniamini. Baada ya wataalamu wakaja watalii, wakanunua nyumba, wakaoa, wakaachana. Kazi yangu huanzia hapo kwenye kuachana.

Na kazi yenyewe ni ya zamani katika mji huu. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, miongoni mwa watu wake alikuwamo Fernão Martins, mkalimani, kwa kuwa alijua Kiarabu. Nguzo ya Mreno yapigwa picha kila siku. Martins hana hata kibao. Sisi tumezoea.

Ugumu mwingine ni mwili. Mkono kwetu huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Muitaliano anao *braccio*, kutoka bega hadi kifundo, na *mano*, kutoka hapo hadi vidole, na Kiingereza vilevile kimeukata mara mbili. Mama wa Muyeye anasema "alinipiga mkononi", na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, iliyojazwa na daktari, inataja kiganja. Hapo mkalimani mchanga hubahatisha. Usibahatishe. Mimi huomba ruhusa: "Mheshimiwa, naomba shahidi aonyeshe." Mama anapandisha mkono wa buibui, anagusa kidogo juu ya kifundo, na hakimu mwenyewe anaandika alichokiona. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Haisemi mkalimani akisie.

Lakini kama ningeambiwa nichague neno moja la kumfundisha kila mgeni anayehamia kufanya kazi hapa, lingekuwa shamba. Kwa mtu wa bara shamba ni ardhi. Kwetu mtu anaweza kuwa na minazi hamsini na asiwe na hata shubiri ya udongo ulio chini yake. Mwenye ardhi ni mwingine, mwenye miti ni mwingine, na wote wawili husema "shamba langu" kwa nia safi. Juu ya hapo weka sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze kuandikisha. Wamijikenda wengi, yaani Wagiriama na ndugu zao, hawakuandikisha, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota pale walipozaliwa. Basi mzee akisema "shamba ni letu tangu babu", namuuliza kwa Kigiriama: miti au mchanga? Swali dogo, na mara nyingine hunyamaza kitambo kirefu kabla ya kulijibu. Kwenye mirathi hali ni hiyo hiyo: "ndugu" aweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa ami, au mtu wa kaya moja tu, yale makao ya kale ya Wamijikenda, na *zio* wa Muitaliano anameza mjomba na baba mdogo kwa pamoja, ilhali hao wawili kwetu hawarithi sawasawa.

Saa sizungumzii sana, kila mtu ashajua kwamba saa mbili yetu ni nane ya Mzungu. Siku ndizo hunasa watu. Kwa Waswahili siku mpya huingia jua linapotua. Kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani kwa hesabu ya ofisini Alhamisi usiku. Nimeshatoa maelezo hayo mbele ya mahakimu mara nisizoweza kuzihesabu, kwa adabu zote, na ramani ya siku nimechora pembeni ya daftari.

Na bado, nilipomwoza binti yangu mwaka juzi, nikamwalika mwenzangu wa kazi, mtu wa Nyeri, kwa mdomo wangu mwenyewe: "Karamu ni usiku wa Ijumaa, usikose." Hakukosa. Alifika Ijumaa baada ya isha, kanzu mpya ya kukodi, blanketi la zawadi kwapani, akawakuta mashangazi wanasugua masufuria uani. Mama akamtazama kutoka juu hadi chini, akamwita aketi, akampashia pilau ya jana.