Je, wajua? Watu 2,000 huwasemeaje wapiga kura milioni 22?

Kwa miaka mingi nilizikataa kura za maoni kwa hoja moja tu: sijawahi kuulizwa, wala simjui aliyeulizwa. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura milioni 22 waliosajiliwa, ilhali tafiti kadhaa ziliwahoji watu wapatao 2,000, nami niliona hesabu hiyo ni mzaha. Nilikosea, na jambo la ajabu ni kwamba niliushambulia upande ulio imara kuliko yote katika kazi hiyo.

Mpishi hanywi sufuria nzima ya mchuzi ili ajue kama chumvi imekolea. Kijiko kimoja kinamtosha, iwe anapikia watu wanne au harusi ya mtaa mzima, mradi amekoroga vizuri kabla ya kuonja. Kukoroga huku, kwa watafiti, ni kuwapata wahojiwa kwa bahati nasibu, yaani kwa kura katika ile maana yake nyingine, ambayo lugha yetu imeitunza bila kukusudia kuwasaidia wanatakwimu. Wahojiwa 2,000 waliopatikana hivyo huleta kiwango cha makosa cha takriban asilimia 2 juu au chini. Anayetaka kukipunguza kwa nusu sharti awahoji 8,000, na gharama humkatisha tamaa mapema. Pasipo kukoroga, hata ndoo haifai: mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likamtabiria ushindi mgombea urais Alf Landon, naye akaambulia majimbo 2 kati ya 48.

Basi Kenya ilikuwaje katika uchaguzi wa rais wa 2022? Utafiti wa mwisho wa TIFA, kampuni ya Kenya ya kura za maoni, uliotolewa kabla ya zile siku 5 za kuelekea uchaguzi ambazo sheria inakataza kutangaza matokeo ya tafiti, ulimpa Raila Odinga asilimia 49 na William Ruto 41, pengo ambalo bahati mbaya ya kijiko hailielezi kwa urahisi. Matokeo rasmi yalikuwa Ruto 50.49 na Odinga 48.85. Odinga, kwa hiyo, alipata karibu kilekile alichopewa. Kilichofichika kilikuwa katika ile sehemu ya kumi ya wahojiwa ambao hawakumtaja yeyote kati ya hao wawili.

Inavutia kudai kwamba wanyamavu wote walimwendea Ruto, lakini tarakimu hizi pekee hazithibitishi hilo, kwa kuwa waliohojiwa si lazima wawe ndio waliopiga kura. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65 ya waliosajiliwa, kutoka takriban 78 mwaka 2017, na mtu aliyemtajia mhojaji jina la mgombea anaweza kabisa kubaki nyumbani siku yenyewe.

Tafiti za kuelekea 2027 nazisoma kuanzia chini ya jedwali, penye "sijaamua" na "sitaki kusema", kisha ndipo ninapanda kwenye majina.