Tiba ya dawa ya kusaidia jiwe la mkojo kutoka

Tiba hii ni matumizi ya dawa, kwa muda maalumu na chini ya uangalizi wa daktari, ili jiwe lililoshuka kutoka kwenye figo na kukwama katika ureta, yaani mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, litoke bila mgonjwa kufanyiwa upasuaji. Dawa yenyewe haiyeyushi jiwe wala hailivunji. Misuli ya ureta, hasa sehemu ya chini inayokaribia kibofu, ina vipokezi vya alfa, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za mwili, vinavyoifanya ikaze. Dawa ikivizuia, misuli hulegea na mkojo uliozuiliwa nyuma ya jiwe hulisukuma mbele.

Inayotumika zaidi ni tamsulosini, miligramu 0.4 mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 au mpaka jiwe litoke. Katika maduka ya dawa ya Nairobi inafahamika kama dawa ya tezi dume, kwa hiyo mwanamke aliyeandikiwa anaweza kudhani amepewa kimakosa akisoma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Hajakosewa, kwa kuwa ureta yake ina vipokezi hivyo hivyo.

Jambo la kupima kwa makini ni ukubwa wa jiwe na mahali lilipo. Lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, mgonjwa akipewa dawa ya maumivu kama diklofenaki, na lililozidi milimita 10 halifai kusubiriwa kwa vidonge. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,100, haukuona tofauti kati ya tamsulosini na kidonge kisicho na dawa katika idadi ya waliohitaji matibabu zaidi ndani ya wiki 4. Lakini wengi wa wagonjwa wa utafiti huo walikuwa na mawe madogo. Faida inayotetewa hadi leo ni kwa jiwe la milimita 5 hadi 10 lililo sehemu ya chini ya ureta, na ndiyo sababu naona kuanza vidonge kabla ya picha, hasa ya CT (eksirei inayochorwa kwa kompyuta), ni kubahatisha.

Homa au baridi ya kutetemeka ikiingia, kusubiri kumekwisha. Mkojo uliozibwa ukiwa na maambukizi unaweza kutia sumu katika damu kwa muda mfupi, na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo. Mwenye figo moja naye hapaswi kusubiri nyumbani bila uangalizi wa karibu. Madhara ya kawaida ya dawa ni kizunguzungu wakati wa kusimama na, kwa wanaume, manii kupungua. Anayetarajia upasuaji wa mtoto wa jicho amwarifu daktari wa macho kwamba ameitumia.

Maumivu kuisha si uthibitisho kwamba jiwe limetoka, kwa hiyo mgonjwa achuje mkojo wake kwa kitambaa safi na kupeleka maabara atakachokipata. Jiwe la asidi ya yuriki, tofauti na la kalsiamu, linaweza kuyeyushwa kwa dawa zinazopunguza uasidi wa mkojo, na hiyo ni tiba nyingine kabisa.